Siku Ngoma ya Bonifasi Ilipoiva

Bigwa, jioni, mvua inanyesha

Mwanangu Felista,

Nakuandikia ukiwa jirani tu hapo kwa mjomba wako, ulikokwenda kuaga, na naona mvua hii ya mlimani imekufungia hukohuko. Afadhali. Ungekuwa humu ndani ningeanza kukohoa, halafu ningekuuliza kama umeweka mwavuli, halafu ningetoka kwenda kukagua matuta ya mchicha ambayo hayana shida yoyote. Unanijua. Mdomo wangu ni hodari mbele ya kwaya nzima, lakini nikibaki na wewe peke yako unashikwa na kutu.

Habari za chandarua, maji ya kuchemsha na watu wa kuwaamini na kutowaamini, mama yako ameshazisema. Zilizobaki atazimalizia kesho stendi, basi likiwa limeshawasha injini. Mimi huko sina la kuongeza. Nina jambo moja tu, nalo limenikaa kooni tangu juzi.

Juzi mlikuwa jikoni mnachambua maharage. Mimi nilikuwa kibarazani nakaza kamba za ngoma ndogo, na mkadhani sisikii. Mama yako akakuuliza utaanzaje kazi huko Kisaki, maana safari hii hukupangiwa kuwa chini ya mtu. Zahanati nzima wamekukabidhi wewe, tabibu mfawidhi, na watumishi wote watakutazama wewe. Ukacheka kile kicheko chako kifupi, ukasema:

"Nitaripoti, mama, lakini nikifika nitamwomba mganga mkuu wa wilaya anitafutie mtu wa kuongoza, mimi niwe msaidizi wake. Mimi kayamba, mama. Kayamba haliongozi wimbo."

Nami huku nje nikaiacha kamba ikalegea mkononi, kwa sababu maneno yale hayakuwa yako. Yalikuwa yangu. Niliyasema mimi, kwa sauti, mbele ya watu, ukiwa mtoto, na wewe ukayabeba mpaka leo unataka kwenda nayo Kisaki.

Hapa Bigwa wananiita Mwalimu, ingawa darasani sijawahi kusimama. Riziki yangu ni mchicha na nyanya. Ualimu wangu ni wa kwaya. Na tangu nilipokabidhiwa kwaya ile nilikuwa na mchezo wangu ambao ulinipa sifa kuliko hata nyimbo zenyewe. Mtu akija kujiunga, sikumwambia aimbe kwanza. Nilimtazama anavyoingia mlangoni, anavyoamkia wakubwa, anavyokaa kwenye benchi, kisha natangaza: huyu ngoma, huyu filimbi.

Ngoma, nilikuwa nasema, ni mtu anayeingia bila hodi na kunywa chai yako kabla hujamkaribisha, lakini ukifiwa ndiye wa kwanza kushika jembe. Filimbi hajui kunong'ona. Ukimpa siri asubuhi, mchana unaikuta sokoni inakusubiri. Marimba ni mtu wa watu, ana neno kwa kila mmoja, ila kuna sehemu moja ukimgusa vibaya siku nzima imeharibika. Kinanda cha umeme ni msomi, nadhifu, anajua kila kitu, na umeme ukikatika hana faida kwa mtu. Zeze ni mtu wa majonzi. Na kayamba ni mtu wa pembeni, hana makuu, humuoni akija wala akiondoka, kazi yake kujaza nafasi walizoacha wenzake.

Watu walipenda, nisidanganye. Wapo waliokuja mazoezini ili tu waambiwe wao ni nini. Hata harusini nilikuwa naitwa mezani: "Mwalimu, hebu mtazame bwana harusi, ni ala gani huyu?" Nami nakunja uso kama daktari, nasubiri kidogo, natoa jibu, ukumbi unacheka. Bonifasi, jirani yetu fundi baiskeli, nilimwita ngoma siku ya kwanza tu, na tangu hapo akawa anaongea kwa sauti zaidi ya zamani. Nikajiona nina jicho.

Aliyekuwa hauthamini mchezo huu ni mama yako peke yake. Siku moja nilimwambia yeye ni kengele. Akaendelea kukuna nazi, akaniuliza, "Na wewe je?"

"Mimi ni mwalimu. Mwalimu hana ala."

"Unayo. Wewe ni spika. Wimbo wako mwenyewe huna, kazi yako kukuza wa wenzako."

Nilicheka, lakini neno lile lilinichoma, na sikumuuliza tena mtu mwingine ananionaje. Nyani haoni kundule.

Nadhani nimeupata mchezo huu kwa mjomba wangu. Unajua sisi Waluguru, mjomba ndiye mwenye kauli juu ya mtoto, na kauli ya mjomba kwangu ilikuwa moja: "Huyu zeze. Ana uzi mmoja, na huo mmoja unalia." Kweli nilikuwa mtoto wa kulialia. Nilikuwa nimefiwa na baba. Lakini nyumba ile hakuna aliyesema huyu mtoto amefiwa. Walisema zeze, wakacheka, wakaendelea kula. Na mimi nikazoea. Ukiitwa jina kila siku, mwishowe linakuwa kiti, unakalia tu.

Nilipokuwa kijana, padri wa wakati ule alitaka kunipeleka chuoni nikasomee muziki, nijifunze kinanda na kuandika nota. Nilimjibu kwamba mimi si mtu wa kukaa mbele. Akaenda mwingine. Wewe umekua ukisikia kwamba ada ndiyo iliyonishinda. Si ada, Felista. Padri alikuwa ameshanitafutia mfadhili. Nilijikatalia mwenyewe, kwa mdomo wa mjomba. Ndiyo maana juzi maneno yako yalinishika vile. Ladha yake naijua.

Sasa ngoja nikurudishe siku uliyojiunga na kwaya. Ulikuwa mtoto mkimya. Ulisimama kwenye mlango wa ukumbi wa parokia, umeshika ncha ya gauni, unatazama vyombo vyote vilivyopangwa ukutani, kimoja kimoja. Nilikuwa na hadhira yangu siku hiyo, na baba mwenye hadhira ni mtu wa kuogopwa. Nikasema, "Huyu wangu ni kayamba tupu. Hana makuu. Kayamba haliongozi wimbo, lakini wimbo ukishaanza, hamtajuta." Watu wakacheka kwa upendo. Ukalipokea kwa mikono miwili, ukaenda kusimama mwisho wa mstari karibu na dirisha. Nikafurahi kwamba umekubali. Sikujiuliza ungefanya nini kingine, mtoto wa mwalimu, mbele ya watu wote wale.

Na kuna ile siku nyingine, ambayo unaijua kwa kuisikia kuliko hata kwa kuikumbuka, kwa jinsi nilivyoisimulia: siku ngoma ya Bonifasi ilipoiva. Ulikuwa kidato cha tatu. Parokia ya juu milimani walikuwa na jubilei, wakatualika tuimbe misa. Gari likatufikisha barabara ilipoishia, tukapanda kwa miguu kati ya mashamba ya kabichi, Bonifasi akiwa na ngoma kubwa kichwani, hataki kusaidiwa. Huku chini tulikuwa tumeacha jua. Kule juu tukakuta ukungu umelala juu ya bati la kanisa, na kila kitu kina unyevu, mpaka vitabu vya nyimbo.

Bonifasi akaijaribu ngoma. Pu, pu. Ngozi ilikuwa imelegea kabisa, unadhani anapiga godoro. Mimi niliyekuwa nahubiri kila siku kwamba ngoma ni jeuri, haiogopi mtu, nilisimama pale nikaitazama imenywea kwa baridi kama kila mmoja wetu. Kwa kawaida dawa yake ni moto kidogo, ngozi ikaze. Tukakimbilia jikoni, ambako akina mama wa parokia walikuwa na masufuria ya sherehe.

"Shikamooni, mama zangu," Bonifasi akasema. "Naomba kuipasha ngoma kidogo."

"Marahaba. Mkaipashe kwenu Bigwa, hapa tunaivisha nyama."

"Mama, bila ngoma misa haitachangamka."

"Na bila nyama jubilei itachangamka?"

Wakatuonea huruma, wakatupa upenyo mdogo pembeni ya jiko. Bonifasi aliishika ngoma kwa mbali, anaizungusha taratibu, anavyojua yeye. Kengele ya kwanza ikalia. Mimi ndiye niliyemwambia, "Isogeze. Isogeze bwana, tumechelewa." Akaniangalia, akaisogeza. Ikalia pa! mara moja, na harufu ya ngozi iliyoungua ikajaa jiko zima. Mama mmoja akachungulia ule mpasuko, akasema bila hata kutabasamu, "Imeiva hiyo. Leteni sahani."

Hapo ndipo watu hucheka, sivyo? Umenisikia nikikisimulia kisa hiki kwenye ubatizo, kwenye harusi, hata kwenye matanga watu wakiwa wamechoka kulia. Najua pa kunyamaza, najua pa kuigiza sauti ya yule mama. Na najua ninavyomalizia: "Tukaingia kanisani bila ngoma, jamani, bahati kayamba lilikuwepo." Kisha naomba maji ya kunywa.

Juzi, baada ya kuyasikia yale ya jikoni, nilikaa pale kibarazani nikakipitia kisa hiki peke yangu, taratibu, bila mtu wa kunichekea. Na nilipofika mwisho sikuomba maji. Niliendelea. Nikaingia kanisani.

Wimbo wa mwanzo ulianza vibaya, unakumbuka? Soprano wakakimbia, besi wakabaki nyuma wanaburuta, padri na watumishi wa altare wako katikati ya njia hawajui watembee na nani. Mimi nilikuwa napunga mikono kama mtu anayefukuza nzi. Sikuwa na kitu kichwani. Mwalimu mzima, nilikuwa nawaza ngozi ya ngoma.

Kayamba likaanza. Ila halikujaza nafasi ya mtu. Uliwaacha wamalize ubeti ule ulioharibika, ukasubiri kidogo, ukaanza mwendo mwingine, wa polepole kuliko niliokuwa nimeuanzisha mimi. Kisha ukafanya jambo ambalo nimelisahau miaka yote hii, au nililificha mahali nisilione. Ukatoka mwisho wa mstari. Hakuna aliyekuambia. Ukapita mbele ya wenzako ukaja katikati, ukasimama mbele ya besi, wanaume wazima wale, ukawatazama mpaka wakaingia. Ukawageukia soprano, ukawapunguza kwa macho tu. Wimbo ukakaa. Padri akatembea.

Na mikono yangu, mwanangu? Nilikuwa naipandisha baada ya kayamba, si kabla. Waumini waliona mwalimu anaongoza kwaya yake. Mwalimu alikuwa anamfuata binti yake.

Halafu nikashuka mlima nikasema bahati kayamba lilikuwepo. Nikataja chombo. Wewe sikukutaja. Nimekitangaza kisa kile Morogoro nzima, na kila niliposimulia nilikuondoa katikati ya kanisa nikakurudisha mwisho wa mstari, karibu na dirisha. Nawe ulikuwa umekaa palepale ukumbini unasikiliza, unacheka pamoja na watu. Inaniuma sana, Felista. Najua wewe utasema si neno, baba. Ni neno.

Sikusema hivyo kwa ubaya. Nadhani hata mjomba hakusema kwa ubaya. Mtu akishampa mwenzake jina, anapumzika kumtazama, na mimi nilipumzika mapema mno. Ngoma yenyewe ilinionyesha siku ile kwamba ukiipandisha mlimani haina ujeuri. Ukiisogeza motoni haina uvumilivu. Huko Kisaki kwenye joto labda itakaza yenyewe bila kuguswa. Kitu cha ngozi na mti kinabadilika hivyo, na mimi nikadhani nimemmaliza mtu kwa kumtazama anavyoingia mlangoni.

Huko uendako watakupa ala kabla hujafungua begi. Watasema huyu mpole, huyu mtoto, huyu wa mjini hatakaa. Nawe utashawishika kuwapa yao. Mchezo huu ni mtamu, na damu yangu unayo. Utamwona mlinzi, utamwona mhudumu wa mapokezi, utacheka moyoni: huyu filimbi, yule kinanda. Cheka, lakini endelea kuwatazama. Siku ya jubilei wewe ndivyo ulivyofanya. Uliwasubiri, ukawatazama, ndipo ukaanza. Sijui kama kuna aliyekufundisha. Mimi sikukufundisha.

Leo mchana nilimfuata mama yako chumbani akiwa anakunja kanga zako, nikamsimulia kisa kizima pamoja na ule mwisho uliopotea. Nilidhani namletea habari. Akasikiliza mpaka nikamaliza, akachukua kanga nyingine.

"Mimi nilimwona," akasema. "Nilikuwa benchi la mbele."

"Mbona miaka yote hukuniambia?"

"Ningekuambia saa ngapi? Ulikuwa unasimulia."

Nikalishusha kayamba lako msumarini, nikalifuta vumbi. Nilitaka kulitia kwenye begi lako kama ukumbusho, nikaona hapana, huo mzigo umeubeba vya kutosha. Nimelirudisha ukutani. Kisha nikamwambia mama yako nitakuandikia kwamba nilikosea, kwamba wewe si kayamba, wewe ni ngoma kubwa. Alinitazama namna ile yake. "Umeanza tena," akasema.

Kwa hiyo sikuandikii wewe ni nini. Sijui. Nimekulea, nimekula nawe sahani moja, na ukweli ni kwamba sijawahi kukuuliza. Siku ile mlangoni ulipokuwa unavitazama vile vyombo kimoja kimoja, sijui jicho lako lilitua kwenye kipi. Ukiwa tayari siku moja, niambie. Na kama umesahau, ni sawa pia.

Naomba hili moja tu. Kaa kwanza na ile kazi. Iamkie, iamkie na kesho yake. Ukishaijua ukaona kweli uongozi huutaki, mwambie mganga mkuu huutaki, rudi kwenye usaidizi, na mimi nitakuheshimu, wala hutaona uso wangu umebadilika. Lakini kama utaukataa, ukatae kwa mdomo wako. Usiukatae kwa mdomo wangu.

Mvua imeanza kupungua. Nasikia maji yanachuruzika tu kwenye mabati. Sasa hivi utaingia, utauliza tumekula nini, na mimi nitakuuliza kama umeweka mwavuli. Barua hii nitaitia kwenye mfuko wa pembeni wa begi, uikute basi likishaondoka, wewe usinione nami nisikuone.

Krismasi ukija, Bonifasi atataka kisa chake, maana siku hizi anakipenda kuliko mimi. Nitakisimulia. Ukungu nitausimulia, na yule mama na sahani zake, na ile pa. Mwisho tu ndio nimeubadilisha. Nimeujaribu hapa mezani kwa sauti mara kadhaa, na kila mara sauti inanikatika palepale, lakini mpaka Krismasi nitakuwa nimeuzoea: "Ngoma ikapasuka, mimi nikapotea, Felista akatuongoza."

Nenda salama, mwanangu.

Baba yako,
niliyekuwa nakufuata